Barafuto itazameni kutoka ng'ambo: siku nne za kutembea kwenye Icefields Parkway

Msomaji ameniuliza hivi: "Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Mwanzoni mwa Septemba tutakodi gari Calgary, na tuna siku nne tu. Tunataka kupanda na barabara ya Icefields Parkway, kwenye milima ya Kanada, mpaka mji wa Jasper, kisha turudi. Tunapenda kutembea kwa miguu, ila mume wangu ana goti linalomsumbua wakati wa kushuka. Kila ninayemuuliza ananitajia vituo ishirini. Tuchague vipi? Na tukifika kwenye barafu, tunaweza kuipanda wenyewe au lazima tuwe na mwongozaji?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo lenye roho za watu ndani yake. Msiipande wenyewe. Hata hatua kumi za kupigia picha, hapana.

Nakuambia hivyo kwa sababu najua mtakachokiona. Athabasca Glacier, ndiyo barafu mtakayoifikia, iko karibu sana na barabara. Unaegesha gari, unatembea kidogo juu ya kokoto, na mbele yako kuna ulimi wa barafu wa kijivu, umelala kama barabara iliyotandikwa vumbi. Unaonekana mgumu, tena umetulia. Kamba imefungwa na mabango yamesimama, lakini kila mara yupo mtu anayeivuka. Wenzake wakimwona yuko salama, nao wanafuata.

Barafuto, yaani glacier, ni mto wa barafu, ingawa mwendo wake jicho haliuoni. Inasogea kila siku kwa uzito wake yenyewe, na kila inapopita juu ya mwamba uliovimba au kwenye kona, inapasuka. Nyufa hizo zina kina cha kumeza nyumba ya ghorofa, na nyingi zimefunikwa kwa theluji laini inayobeba mguu wa kwanza na wa pili, kisha wa tatu unazama. Anayetumbukia hafiki chini kabisa. Anakwama pale ufa unapobana, joto la mwili wake linayeyusha barafu iliyomgusa, naye anazidi kuteleza ndani. Baridi inammaliza kabla kamba na watu wa kumvuta hawajafika. Wapo waliokufa namna hiyo pale pale Athabasca. Mkitamani kuikanyaga, lipieni mwongozaji mwenye kamba na viatu vya meno, mtembee kwa saa tatu au nne mkiwa mmefungwa pamoja. Ni pesa iliyotumika vizuri. Ila mtoto wa miaka 9 muulizie kwanza, kwa kuwa waongozaji huwa na kiwango chao cha umri.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimewaambia watu wote niliowahi kutembea nao milimani kule, na wengi hawaniamini mpaka wafike: mahali pabaya zaidi pa kuitazama barafuto ni miguuni pake. Ukisimama pale chini unaona mdomo tu, mchafu, umejaa changarawe. Huoni inakotoka wala inavyojipinda. Ukitaka kuiona, panda mlima wa ng'ambo yake. Umbali na kimo ndivyo vinavyoifungua. Kwa hiyo usichague vituo. Chagua miteremko miwili au mitatu inayotazamana na barafu, na kila siku mpande mmoja tu.

Wa kwanza kwenu ni Parker Ridge. Uko kilomita tisa hivi kusini mwa kituo cha wageni cha Columbia Icefield, uwanda wa barafu ambao barafuto hizi zinateremka kutoka kwake. Njia ina urefu wa kilomita 2.7 kwenda, na unapanda mita 250. Inapinda kulia na kushoto muda wote, kwa hiyo mwinuko si mkali, na kwa goti la shemeji hiyo ni rehema, maana kushuka nako kunakuwa kwa mapinda yale yale. Miti inaisha mapema. Baada yake ni majani mafupi, maua yaliyojibanza chini kukwepa upepo, na mawe. Unapanda ukiuangalia mteremko tu, huku barabara ikizidi kuwa ndogo mgongoni mwako, hata unaanza kujiuliza barafu yenyewe iko wapi. Halafu unafika mgongoni mwa mlima, upepo unakupiga kifuani, na bonde lote la upande wa pili linafunguka kwa mara moja: Saskatchewan Glacier, ndefu kuliko barafuto zote zinazoteremka kutoka Columbia Icefield, imelala chini yako kutoka kwenye weupe wa juu hadi kwenye ziwa la kijivu lililo mdomoni mwake.

Hapo msigeuke baada ya picha. Njia inaendelea kidogo kushoto, kandokando ya mgongo. Ifuateni mpate pa kukaa palipokingwa na mwamba. Waulize watoto wanaona nini. Kuna mistari myeusi inayokwenda sambamba na barafu kama mikunjo ya kitambaa. Huo ni mzigo wa mawe ambao barafuto imeupokea kutoka kwenye milima ya kando na inaubeba kuuteremsha. Kuna ukanda wa mwamba mtupu kwenye kuta za bonde, juu ya barafu, usio na mti wala jani. Huo ukanda ni alama ya pale barafu ilipokuwa imefika zamani, kama alama ya maji kwenye ukuta baada ya mafuriko. Mtoto wa miaka 13 akishaionyeshwa mara moja, ataiona kila bonde mtakalopita.

Na juu kabisa, mahali barafu inapoungana na anga, ndipo ulipo uwanda wa Columbia. Kilele kimoja cha huko, Snow Dome, kinagawa maji kwa njia tatu: mengine yanakwenda Aktiki, mengine Pasifiki, na haya mnayoyatazama kutoka Parker Ridge yanaanza kuwa mto North Saskatchewan, yanavuka Kanada hadi Hudson Bay.

Ng'ambo ya Athabasca Glacier kuna njia ya Wilcox Pass. Ni kilomita nne kwenda, mwinuko wa zaidi ya mita 330, na mwanzo wake una ngazi za mizizi zinazochosha. Si lazima mfike mwisho. Baada ya nusu ya njia hivi mtakuta viti vyekundu vilivyowekwa na Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa, vinaitazama Athabasca ana kwa ana, na kondoo mwitu wenye pembe zilizoviringika huwa karibu. Mandhari ni mazuri mno. Ila kwa siku nne na goti bovu, mkilazimika kuchagua moja, chagueni Parker.

Hilo la mdomo wa Athabasca silifuti kabisa. Mpite kwa nusu saa, kwa sababu moja: vibao vya miaka. Njia ya kwenda kwenye barafu imesimikwa vibao vinavyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi mwaka fulani. Unatoka kwenye gari na unatembea, unapita mwaka mmoja, unapita mwingine, na barafu bado iko mbali. Tangu katikati ya karne ya 19 imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwambie mwanao atafute kibao kilicho karibu na mwaka aliozaliwa, kisha ahesabu hatua mpaka kwenye kamba. Nimewaona watu wazima wakinyamaza pale. Nami ninayepapita kila mwaka sijapazoea. Vaeni makoti hata kama jua linawaka, kwa kuwa hewa iliyopozwa na barafu huteremka nayo na kuvuma usoni mchana kutwa.

Sasa, Jasper. Nakushauri msifike. Najua nimekushtua, lakini hesabu nami. Kutoka Lake Louise, kijiji kilicho mwanzo wa barabara hii, hadi Jasper ni kilomita 232, na kutoka Jasper kurudi Calgary ni zaidi ya kilomita 400. Ukiwa na siku nne, siku moja na nusu inaishia kwenye kiti cha gari. Barafu iko katikati ya barabara hiyo, kilomita 127 kutoka Lake Louise. Laleni Lake Louise usiku wote mitatu, msihamishe mizigo, mwendeshe hadi kwenye barafu na kurudi ndani ya siku moja. Jasper nayo inastahili siku zake. Mji huo uliungua vibaya Julai 2024 na watu wake wanajijenga upya, kwa hiyo iwekeni safari ya pili muwape siku nne nzima.

Siku ya kwanza basi ni ya kufika, mwendo wa saa mbili kutoka Calgary kama hamsimami njiani. Ya pili iwe ya Lake Louise. Hapo wageni wengi wanabaki ufukweni, mbele ya hoteli, wakisukumana kupata nafasi ya picha. Nyinyi pitilizeni. Njia inafuata ukingo wa ziwa, tambarare kabisa, mpaka mwisho wake ambako maji ya kijito yanaingia yakiwa meupe kama maziwa ya unga. Kuanzia hapo inapanda, nanyi mnaingia kwenye bonde linaloitwa Plain of Six Glaciers. Kilomita tano na ushei, mwinuko wa mita 365 hivi, na juu kuna nyumba ya chai iliyojengwa na waongozaji wa Kiswisi miaka ya 1920. Hakuna barabara ya gari inayofika pale. Nendeni na pesa taslimu, kaeni kwenye baraza, muagize chai.

Halafu sikilizeni. Barafu imening'inia kwenye kuta za Mount Victoria na Mount Lefroy, na siku ya joto vipande vyake hukatika. Unachokiona kwanza ni kitu kama unga uliomwagwa kutoka dirishani, taratibu, hauna sauti. Mngurumo unakufikia baadaye, wakati unga wenyewe umeshatua. Kwa pengo hilo watoto wanaelewa ukubwa wa ukuta ulio mbele yao kuliko ukiwatajia mita.

Kama goti linaruhusu, ongezeni kilomita moja na nusu hivi hadi mwisho wa njia. Kutoka pale mtaona upenyo wa Abbot Pass kati ya milima hiyo miwili. Huko juu, mita 2,925, palikuwa na kibanda cha mawe cha wapanda milima kilichojengwa mwaka 1922. Kilidumu miaka 100. Barafu iliyokuwa imeushika mteremko chini yake ikayeyuka, udongo ukaanza kumomonyoka, na mwaka 2022 ikabidi kibomolewe. Simulizi hiyo waeleze wanao mkiwa mmesimama pale pale, si kwenye gari.

Shemeji ashuke na fimbo mbili za kutembelea, azirefushe kidogo wakati wa kuteremka ili mikono ipokee sehemu ya uzito. Apige hatua fupi. Magoti mengi yanaharibika saa ya mwisho, watu wanapoanza kukimbilia gari.

Siku ya tatu ndiyo ya barabara. Ondokeni jua likichomoza, kabla ya saa moja asubuhi, mwende moja kwa moja mpaka Parker Ridge bila kusimama. Najua mtatamani kusimama kila kona. Jizuieni. Asubuhi njia ni tupu na mawingu hayajapanda. Maziwa mtayakuta wakati wa kurudi, na kwa kweli mchana ndio wakati wake.

Rangi ya maziwa haya inatoka kwenye barafu ile ile mliyoitazama. Barafuto inapotambaa, mawe yaliyoganda chini yake yanasaga mwamba, na kinachobaki ni unga laini sana. Maji yanayoyeyuka yanauchukua. Chembe nzito zinatua kwenye mito, zile nyepesi kabisa zinaelea ziwani kwa wiki nyingi, na mwanga ukizigonga, rangi ya samawati na kijani ndiyo inayorudi machoni. Kwa hiyo rangi inataka jua, na inataka uitazame kutoka juu. Asubuhi sana ziwa lina utulivu na kivuli cha milima, jambo zuri pia, lakini ile rangi wanayodhani imetiwa rangi kwenye kompyuta huiona jua likiwa limepanda.

Peyto Lake ndilo la kuonyesha hilo. Mahali pa kulitazamia pako karibu na Bow Summit, sehemu ya juu kabisa ya barabara, na kutoka kwenye maegesho ni mwendo wa dakika kumi na tano hivi, lami tupu. Ziwa liko chini kabisa, lina umbo la kichwa cha mbwa mwitu. Upande wa kushoto mtaona uwanja wa kokoto ambako mto unaingia ukijigawa kama nywele zilizofumuliwa. Hizo ndizo chembe nzito, zinatua mbele ya macho yenu. Peyto Glacier yenyewe iko juu zaidi, nayo wanasayansi wanaipima tangu miaka ya 1960 na imepungua mno.

Bow Lake liko kandokando ya barabara, hakuna kupanda. Hapo nataka mfanye kitu kimoja. Chukueni chupa safi inayopitisha mwanga, mchote maji, muinue kwenye jua. Yana ukungu mwembamba, na ukiyatazama kwa makini unaona kitu kinametameta ndani yake. Huo ndio mlima. Kisha yamwageni palepale. Msiyanywe, hata kama yanavutia. Ukitembea kandokando ya ziwa ni salama na ni raha, ila ile njia inayoendelea hadi kwenye maporomoko ya Bow Glacier Falls iulizieni kwanza. Juni 2025 ukuta wa mwamba uliporomoka pale na watu wawili walifariki. Barafu ikirudi nyuma inaiacha wazi miamba iliyokuwa ikishikiliwa nayo, na maji yanayoganda na kuyeyuka kwenye nyufa yanaimalizia. Ndiyo maana nasisitiza kutazama kutoka ng'ambo. Kwenye Mount Edith Cavell, kule Jasper, kipande kizima cha barafu kilichoitwa Ghost Glacier kilianguka ziwani usiku mmoja wa Agosti 2012, wimbi likafagia njia hadi kwenye maegesho. Ingekuwa mchana, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Moraine Lake, ziwa la jirani na Lake Louise, utaulizwa tu na watoto, kwani picha yake imeenea kila mahali, na zamani ilikuwa nyuma ya noti ya dola 20 ya Kanada. Tangu mwaka 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kabisa kwenye barabara yake. Unakwenda kwa basi la Parks Canada, kwa kukata nafasi mtandaoni. Nyingine hufunguliwa majira ya kuchipua na huisha upesi, lakini nyingi hufunguliwa siku mbili kabla ya safari, saa mbili kamili asubuhi kwa saa za Alberta. Kaa na simu mkononi dakika hiyo. Jioni ya siku ya kwanza ingewafaa sana. Mkifika, pandeni lile tuta la mawe lililo mwishoni mwa ziwa. Njia zinazoingia ndani zaidi, kama Larch Valley, kuna vipindi ambavyo sheria inataka watu wasiopungua wanne wanaotembea wameshikamana, kwa sababu ya dubu. Nyinyi mko wanne, basi msiachane.

Kuhusu dubu: nunueni dawa ya pilipili ya kupulizia mkifika, haipandi ndege. Ikae kiunoni, isifungiwe mkobani, na mtu mzima ajue kuondoa kile kizuizi chake bila kuangalia. Ongeeni kwa sauti mnapotembea, hasa penye kona na karibu na mto unaovuma. Dubu na mbwa mwitu waacheni mita 100, wanyama wengine wakubwa mita 30. Mkimwona dubu barabarani, msishuke garini.

Barabara yenyewe ni nzuri, lakini haina huruma kwa asiyejiandaa. Mtandao wa simu haupo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo pakueni ramani mapema na mumwambie mtu wa hotelini mnakwenda wapi. Kati ya Lake Louise na Jasper mafuta yanapatikana Saskatchewan River Crossing peke yake, tena kwa bei ya juu. Jazeni tangi Lake Louise asubuhi. Kibali cha hifadhi mnakihitaji hata kwa kupita tu kwenye Icefields Parkway. Watoto wenu hawalipi, maana wa miaka 17 kushuka chini huingia bure.

Septemba mwanzoni ni majira mawili ndani ya siku moja. Mchana mtavua masweta, na saa moja baadaye theluji inaweza kuwapiga mkiwa juu ya Parker. Kila mmoja abebe koti lisilopitisha maji, sweta la sufu, kofia na glavu, watoto wakiwemo. Suruali za jinzi ziachwe hotelini, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki na inawavuta joto mwilini.

Siku ya nne msiipangie kitu. Iacheni kama akiba. Mawingu hufunika barafu siku nzima bila taarifa, na mkisimama Parker Ridge mkaona ukungu mtupu, msife moyo. Angalieni utabiri jioni. Kesho yake mnaweza kuondoka Lake Louise alfajiri, baada ya saa moja na robo mko mwanzo wa njia, mnapanda na kushuka kwa saa tatu bila kumharakisha shemeji, na kabla ya giza mmeshafika Calgary. Kama siku ya tatu iliwaka, basi laleni mpaka mchoke, kisha mrudi Bow Lake asubuhi upepo haujaamka, mkae tu kwenye mawe mpaka saa ya kuondoka.